Buti Nyuma ya Jiko

Alizaliwa Aprili, theluji bado imelikalia paa la zizi,
miguu ya mbele imekunjamana
kama ya mtu aombaye radhi kwa kuja.
Mama yake alimnusa mara moja, akageuka.
Alfajiri tukamkuta mama naye amelala ubavu, wa baridi,
jicho moja limeshika majani makavu.

Mume wangu alipiga simu kutoka Yekaterinburg,
injini ya teksi ikinguruma nyuma ya maneno yake.
"Mchinjeni kabla hajakonda."
Mavyaa wangu, Zuurakan, akakinoa kisu,
akakiweka dirishani.
Hakusema leo, hakusema kesho.

Nikavuka mto kwenda kwa Kalicha, ambaye farasi wake alizaa juzi,
nikarudi na chupa ya soda imejaa dang'a,
nzito, ya manjano, ikinipasha kifua ndani ya koti.
Hakujua kunyonya.
Ulimi ulikaa mdomoni mwake
kama mgeni asiyeonyeshwa pa kuketi.
Nikachovya kidole, nikamkanda koo,
tone, tone, nusu ikinirudia mkononi.
Kila baada ya saa mbili.
Niliupoteza hesabu usiku, si chupa:
chupa nilizichora ukutani kwa mkaa.

Siku ya tatu akaja Daktari Ishenbai, matope hadi magotini.
Alibonyeza kitovu, kikatoa usaha.
Alipima homa, akanyamaza, akachoma sindano,
kisha akapasua bomba la maji kwa msumeno wetu,
akayafunga yale mabanzi miguuni kwa bendeji.
"Kano ni fupi. Zitavutika, ila polepole.
Na mgeuzeni, asilalie ubavu mmoja."
"Atapona?"
"Nimetoka At-Bashi kwa pikipiki, dada.
Usiniulize ya mbali zaidi ya hapo."

Siku ya tano plastiki ilikuwa imemla ngozi.
Nyama nyekundu,
na nzi wa kwanza wa mwaka wamekwisha kupata habari.
Nikaweka pamba, ikalowa.
Nikaweka shali yangu, ikateleza.
Nililia, na si kwa huruma. Kwa hasira:
kwa baridi, kwa teksi, kwa mama aliyekufa bila kuaga,
kwa huyu kiumbe anayenikodolea macho
kana kwamba ni mimi niliyebuni miguu.

Nyuma ya jiko letu zilikuwapo buti mbili za sufu.
Bamkwe alizivua usiku mmoja, miaka kumi na moja iliyopita,
na kulipokucha hakuzihitaji.
Hazikuguswa. Tulifagia kwa kuzizunguka.

Saa tisa za usiku nilishuka na chupa
nikakuta taa inawaka zizini.
Mavyaa ameketi kwenye majani, kisu mkononi,
kichwa cha mwanafarasi kimeegemea paja lake.
Chupa ikaniponyoka.
Kisha nikasikia krr, krr,
nikaona kile anachokikata:
buti, kuanzia shingoni hadi kisigino,
sufu nene, bado ina umbo la mguu.

"Usisimame kama mlango," akasema. "Shika hapa.
Legeza kidogo.
Na yeye alikuwa na vifundo vyembamba,
kila kiatu kilimchubua."
Sikuuliza yeye nani.
Tukamvisha, mguu huu, na huu,
na maziwa yaliyomwagika yakaganda kati yetu.

Sasa ni Juni. Mguu wa kulia umenyooka.
Wa kushoto unatazama pembeni kidogo,
kama una shughuli yake kwingine.
Hatashinda mbio za mtu yeyote.
Jana alianguka mtaroni, akainuka peke yake,
akaja kunitafuna mkono wa sweta.
Mume wangu huuliza bei yake sokoni;
namwambia mtandao unakatika, sisikii.

Kisu kimerudi kumenya viazi.
Nyuma ya jiko imebaki buti moja, ya kushoto.
Tunafagia kwa kuizunguka.